Siku Niliyomfunga Kaka kwa Kete Nyeusi

Watu wa klabu ya chesi wakikutana nami bado wananipiga bega. Wanasema niliushangaza ukumbi mzima: muuza vipuri vya pikipiki, mwenye daraja la mkiani, tena mwenye kete nyeusi, kamfunga mtu wa kwanza kwenye orodha! Nataka kuwatukana, lakini najikaza kisabuni nasema asante. Kama kuna mtu anautaka ule ushindi, aje dukani auchukue bure, na mfuko wa kubebea nitampa.

Niliyemfunga ni kaka yangu, tumbo moja. Kazi yake ilikuwa kuendesha kreni, ile ndefu ya manjano inayosimama katikati ya maghorofa yanayojengwa, ambayo ukitazama kutoka chini dereva wake unamwona kofia tu. Asubuhi alipanda ngazi na chupa mbili begani, moja ya chai na nyingine ya haja ndogo, maana kule juu hakuna choo na kushuka ni safari. Nyumbani tulimtania kwamba ipo siku atazichanganya. Alijibu, "Nikizichanganya mimi, mtakaolowa ni ninyi mlioko chini." Alikuwa mtu wa majibu, haulizwi mara mbili. Saiti walimwita Mzee wa Juu, na hata mkandarasi alimheshimu kwa kumwogopa kidogo, kwa sababu upepo ukivuma kaka akasema hanyanyui mzigo, basi hanyanyui, hata umletee polisi.

Chesi alijifunzia saiti hukohuko, siku za mvua kazi ikisimama na watu wamejibanza kwenye kontena. Akaipenda mno. Akaingia klabu, akaanza kuwafunga watu wenye digrii zao, daraja lake likapanda mpaka likawa la juu kuliko la mtu yeyote pale mjini. Kwa wasiojua, kila mchezaji wa mashindano ana namba yake ya daraja. Ukishinda inapanda, ukifungwa inashuka. Ya kwangu ilikuwa imelala chini kabisa, usingizi mzito. Mimi alinifundisha yeye, na sikuwahi kumfunga. Si sebuleni kwake, si klabuni, si kwa bahati. Nilisoma vitabu kwa siri, mteja anauliza bei ya plagi mimi macho yapo kwenye simu naangalia michezo ya watu, halafu Jumapili nakwenda kwake ananichapa huku anakula karanga. Nilikuwa na hamu moja, ya kitoto hasa: nimfunge mara moja tu, halafu nimsumbue nayo mpaka tuzeeke sote.

Sasa, siku moja wifi yangu, yaani mkewe, akaja dukani. Wifi si mtu wa kutembelea watu kazini. Nikamketisha nyuma ya kaunta, katikati ya matairi na helmeti, nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Wifi, kaka yako kanifungia ndani."

"Mmegombana?"

"Hatujagombana. Katoka kwenda kazini, kafunga mlango kwa nje, kaondoka na funguo. Nimetokea dirishani kwa msaada wa jirani. Nimempigia simu namuuliza, ananiuliza mimi ni nani."

Nikacheka. Nilidhani ni utani wake kaka, yule bwana anaweza kukutania mpaka msibani. Wifi hakucheka. Akaniambia kwamba wiki iliyopita, siku ya mapumziko, mlinzi wa saiti alimkuta kaka kule juu kwenye kreni, kofia kichwani, anasubiri mizigo. Saiti nzima imefungwa, hakuna hata mtu mmoja, na yeye anang'aka kwenye redio kwamba watu wa chini ni wavivu.

Bado nikajitia ujasiri. Nikasema ni uchovu, ni umri, ni joto. Halafu akaja Kamba. Huyu Kamba ndiye mfunga mizigo wa saiti, anayesimama chini ya kreni na kumpa dereva ishara za mikono. Alikuja nyumbani kwa kaka akijua kaka hayupo, akatukuta mimi na wifi, akakataa hata chai. Alisema Mzee alinyanyua furushi la nondo, akalizungusha, na badala ya kulipeleka ghorofani akalisimamisha hewani juu ya kibanda wanapokulia watu chakula. Kamba akapiga ishara, akapiga filimbi, akapiga kelele kwenye redio. Kimya. Nondo zinaning'inia, watu wanakula. Ilibidi Kamba apande mwenyewe ngazi zote zile, na alipofika alimkuta Mzee ametulia, mikono mapajani, anatazama nje.

"Akaniuliza, kijana, hivi hili dubwana linashushwa vipi?" Kamba alisema. "Mama zangu, mimi siwezi kwenda kumsema Mzee kwa bosi. Kazi nimefundishwa na yeye. Lakini na mimi nina watoto, na wale waliokaa pale kibandani wana watoto."

Jioni hiyo tukamweka kaka kitako. Wifi akamwambia kwa upole aende hospitali akapimwe kichwa. Lo! Alisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Kichwa changu? Kichwa changu kina nini? Si ndicho kinachomfunga huyu hapa kila Jumapili?" Akaninyooshea kidole. "Haya, tufanye hivi. Mashindano yanakuja. Siku huyu akinifunga kwenye mashindano, mbele ya refa, si hapa sebuleni mnaponipigia kelele, siku hiyo nashuka kwenye kreni mwenyewe na hospitali nitawatangulia. Mpaka siku hiyo, sitaki kusikia."

Akatoka nje. Wifi akanishika mkono. "Mcheze kweli," akasema. "Usimwonee huruma. Akikufunga, basi mimi ndiye mwenye wazimu na nitanyamaza."

Nilirudi kwangu nimefura. Nilimkasirikia wifi, nikamkasirikia Kamba, nikamkasirikia yeye mwenyewe na ubishi wake. Maana waliniachia mimi. Daktari hakuonekana, bosi hakuonekana, kaka kaamua wa kumpima mtu mzima ni dada yake wa vipuri. Na nilijua atanifunga. Nilishikilia hilo kwa mikono yote miwili: mtu anayecheza vile hawezi kuwa mgonjwa.

Mashindano yalifanyika kwenye ukumbi wa chuo, meza ndefu, feni zinazozunguka kwa kujilazimisha, watu wamevaa vizuri na wanajidai hawana wasiwasi. Raundi ya kwanza kwa kawaida wenye daraja la juu wanapewa sisi wanyonge watufanyie mazoezi. Nikatazama karatasi ukutani. Meza ya kwanza: kaka, kete nyeupe. Chini yake, mimi, nyeusi. Mwenye nyeupe ndiye anayeanza, na mwenye nyeusi siku zote anakimbiza. Jamaa mmoja wa klabu akaniambia, "Pole, dada. Utawahi chakula cha mchana."

Nikamwambia, "Mungu akusikie." Akadhani natania.

Kaka alikuwa amependeza. Shati limepigwa pasi, ndevu zimechongwa, macho makali. Akanipa mkono, akanong'ona, "Umekuja na daktari wako?" Nikacheka kweli, kifua kikafunguka. Tukaanza.

Alicheza! Mungu wangu, alicheza. Askari wake walisonga mbele kwa mpango, farasi walitoka walipotakiwa kutoka, na kila nilipotaka kupumua alikuwa ameshafika. Mapema kidogo nilimtishia mfalme wake kwa askofu. Badala ya kuziba, akamsogeza mfalme hatua moja pembeni kwa dharau, na baadaye akamrudisha mahali pake. Kisha akanitega, akanila ngome. Mtu mwingine angelia. Mimi nilikuwa nafurahi kwa ndani, naandika hatua zake moja moja. Yule jamaa wa chakula cha mchana akapita, akatazama ubao, akaniangalia kwa huruma. Nilitamani kumbusu.

Nilibakiwa na vitisho viwili vitatu vya kubahatisha, malkia wangu na farasi wakimkodolea mfalme wake aliyekaa katikati bila ulinzi. Hatua moja tu ya busara na mimi nimekwisha. Kaka akafikiri. Akainua mkono, akamshika mfalme, akamrusha hatua mbili kuelekea pembeni, akachukua ngome akaivusha upande wa pili, akabonyeza saa.

Ile hatua inaruhusiwa mara moja katika mchezo, mfalme anajificha pembeni na ngome inasimama ubavuni mwake. Lakini inaruhusiwa kama mfalme hajasogea hata kidogo. Akishasogea, hata akirudi palepale alipokuwa, basi tena. Mtoto akifundishwa chesi hilo analijua wiki ya kwanza. Na kaka, ambaye ndiye alinifundisha, hakuhangaika, hakusita, hakunichungulia kama mtu anayejaribu kuiba. Alikuwa anakaza kifungo cha shati.

Nikatazama huku na huku. Hakuna aliyeona. Refa alikuwa meza ya mbali anaamua ugomvi wa watu wengine. Saa yangu inakwenda. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Ningecheza hatua yoyote ya kijinga, angenifunga, angetoka pale anatamba, na wifi angenyamaza kama alivyosema. Nilikuwa namtazama usoni, kaka yangu mzuri, na nikajiambia, wangapi husahau, hata mabingwa husahau, mwache. Nilishika askari wangu wa pembeni kwa macho, bado sijamgusa. Halafu nikaona zile nondo. Nikamwona Kamba amesimama chini yake na filimbi mdomoni.

Nikanyoosha mkono, nikamwita refa.

"Mfalme wa mweupe alishasogea," nikasema. Sauti yangu ilitoka nyembamba, siijui.

"Hajasogea," kaka akasema.

"Alisogea, kaka. Nilipomtishia kwa askofu."

"Askofu gani? Wewe, usinitanie. Hajasogea huyu." Hakuwa anabisha kwa hasira. Alikuwa na uhakika, na uhakika ule ndio ulionivunja mgongo. Refa akasoma hatua tulizokuwa tunaziandika, zangu na zake, akamwonyesha kaka mwandiko wake mwenyewe. Kaka akautazama. Akasema, "Basi sawa," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa habari za mtaa mwingine.

Kanuni ikasomwa: hatua ifutwe, kete zirudi, lakini amemgusa mfalme, lazima amchezeshe mfalme. Na mfalme alikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda. Akaenda. Nikaruka na farasi, nikamtishia mfalme na malkia kwa pamoja. Akamkimbiza mfalme, nikamla malkia. Watu wakaanza kusogea, unajua watu wanavyonusa damu, wakasimama nyuma yetu wakinong'onezana kwamba meza ya kwanza kunawaka moto. Baadhi yao walikuwa wanatabasamu. Bingwa kateleza, si raha?

Zamu yake ikafika. Kaka akanyoosha mkono, akamchukua farasi. Akamwinua hewani akimfikiria, anatafuta mahali pa kumweka. Alikuwa farasi mweusi. Alikuwa wangu.

Wale waliokuwa wanatabasamu wakaacha, mmoja mmoja.

"Kaka," nikanong'ona, "huyo ni wangu."

"Najua," akasema. Akamrudisha, lakini akamweka mstarini, katikati ya vyumba viwili, nikamnyoosha mimi. Alinitazama, nikaona amejua. Si kwamba alikumbuka. Amejua tu kwamba kuna kitu kimetokea na watu wote wamekiona isipokuwa yeye. Alikuwa na hofu. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona kaka na hofu, yule mtu anayekaa juu ya upepo. Nilitaka kupindua ile meza. Badala yake nikamalizia mchezo, kwa sababu kuuacha pale kungekuwa kumtukana, na sikuchukua hata hatua nyingi. Mfalme wake akabanwa pembeni, hana pa kwenda.

Akanipa mkono. "Umecheza vizuri, mdogo wangu." Ukumbi ukapiga makofi. Nikalia mbele za watu, kamasi na kila kitu, na wao wakasema tazama anavyofurahi.

Nje, kwenye korido karibu na bomba la maji, akaniuliza, "Hospitali ni lini?" Hakubisha tena. Nikamwambia tutakwenda mimi na yeye na wifi. Akaitika kwa kichwa. Kisha akauliza mechi yetu inaanza saa ngapi.

Ahadi aliitimiza, hilo sitamnyima. Alikwenda saiti akamwambia bosi kwa mdomo wake kwamba haendeshi tena. Kamba ndiye aliyepanda kumshushia vitu vyake, mto wa kukalia, redio ndogo, koti la mvua, na alishuka uso umelowa akasingizia vumbi. Hospitali walimpima, wakampiga picha za kichwa, daktari akatueleza taratibu, msichana mwenye adabu sana, kwamba kuna dawa za kumtuliza lakini za kumrudisha hakuna. Wifi akauliza, "Hata kidogo?" Daktari akasema hata kidogo.

Mwanzoni kaka alikuwa anawaambia wageni, "Dada yangu kanifunga, nimekubali." Nikadhani hilo nalo litasahaulika pamoja na mengine. Majina ya majirani yakaenda. Njia ya kwenda msikitini ikaenda, kisha njia ya kwenda chooni. Lakini ule mchezo ulibaki, na kadiri vitu vingine vilivyokuwa vinaondoka ndivyo ulivyozidi kukua, na ukageuka. Siku moja nikiwa namkatia kucha akavuta mkono. "Ulimwita refa," akasema. "Ulipanga na refa." Nikamweleza. Nikaeleza tena, na tena, kama mjinga, kama vile tatizo ni kwamba hajaelewa. Alikuwa ananitazama kwa chuki. Baada ya hapo, nikiingia mlangoni alikuwa anapiga kelele mpaka majirani wanachungulia: mwizi, mwizi kaja, huyo ndiye aliyeniibia mchezo akaninyang'anya kazi.

Wifi akanisindikiza nje siku mojawapo ya hizo. Akasema, amechoka, macho yamevimba, "Wifi, kwani ilikuwa lazima umwite refa?"

Nilimfokea barabarani. "Si wewe uliyeniambia nisimwonee huruma? Si wewe?" Watu wakasimama kutazama. Akaanza kuniomba msamaha, mimi nikaanza kumwomba yeye, tukashikana pale kando ya mtaro tukalia bila aibu. Lakini swali lake sikulijibu, na sijalijibu mpaka leo. Jengo lile lilikwisha, watu wamehamia, wanaanika nguo kwenye vibaraza. Hakuna aliyeangukiwa na nondo. Hakuna anayeweza kuja kunishukuru kwa jambo ambalo halikutokea.

Juzi nilikwenda tena. Wifi alikuwa amenitumia ujumbe kwamba siku hizi kaka ametulia, njoo. Nilimkuta uani kwenye kiti cha plastiki, amekonda, shati limefungwa vifungo upande. Nikasimama mbali kidogo nikisubiri matusi. Akainua uso, akanitazama kwa ukarimu kabisa.

"Karibu, mama," akasema. "Kaa. Mwenye nyumba katoka kidogo."

Nikakaa. Nilimuuliza hali, akasema mzima. Kisha akainama kwangu, kama watu wanavyofanya wakitaka kumwambia mgeni siri ya nyumba.

"Mimi nina dada yangu mmoja," akasema. "Nilimpenda sana yule. Aliniibia mchezo mbele za watu, nikashushwa kazini. Angeniomba tu, mama. Angeniomba ningemwachia."

Nikasema, "Huyo dada alikosa."

"Alikosa," akasema. "Hata kuja kunitazama haji."

Akavuta vifungo vya shati lake. Halafu akaniuliza kama mimi chesi naijua.

"Siijui," nikamwambia.

"Afadhali," akasema, akanisogezea kiti kivulini.